Gari Jembamba la Kirua

Nilikabidhi funguo za karakana ya Kiboriloni mwezi uliopita, na jambo la kwanza nililogundua nikiwa nyumbani ni kwamba macho hayaniwashi tena asubuhi. Waliochomelea chuma maisha yao yote watanielewa. La pili ni kwamba ninyi mliobaki mlisahau kuniuliza mambo mengi, na mimi nikasahau kuwaambia. Sitaandika nani alipanda cheo lini. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, fundi na anayefagia, na sote tulifagia. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na ile kazi moja iliyonitoa jasho kuliko zote.

Nilianza katikati ya miaka ya themanini, nikitokea Shirimatunda kwa baiskeli ya baba. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mrisho, mtu wa Tanga aliyejifunza chuma kwenye karakana za reli, mfupi, mwenye masharubu yaliyoungua upande mmoja. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akanipa nyundo ndogo na kunisimamisha mbele ya rundo la vyuma vilivyokwisha kuungwa.

"Gonga," akasema.

Nikagonga.

"Umesikia nini?"

"Chuma, mzee."

"Hata mbuzi angesikia chuma. Gonga tena."

Siku nzima niligonga. Kufika jioni nilikuwa nimeanza kutofautisha: mshono mzima unalia kama kengele ya kanisa la mbali, na mshono wenye ufa ndani unakohoa. Mzee Mrisho hakunisifu. Alisema tu, "Kesho uje na kofia. Cheche haziangalii mtu ana nywele nzuri."

Alikuwa na kanuni mbili, nazo ndizo urithi wenu. Ya kwanza: chuma cha moto ni mwongo. Kikitoka kwenye moto kinakaa pale ulipokiweka, ukigeuka kinajivuta, kwa hiyo usikiamini kipimo mpaka kipoe. Ya pili: aliyechomelea ndiye apande kwanza. Kama umetengeneza ngazi, uipande wewe. Kama ni kitanda, ukilalie. Mimi niliwahi kuingia kwenye banda la nguruwe nililolitengeneza mwenyewe, na mwenye banda akanifungia kwa mzaha akaenda kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Lilikuwa banda imara sana.

Miaka ile duka la vipuri lilikuwa na kaunta, muuzaji, na rafu tupu. Rodi za kuchomelea zilipitia mpakani Holili zimefichwa chini ya mikungu ya ndizi, na zikishika unyevu tulizianika juani kama kahawa. Kile kipande kifupi cha rodi mnachokitupa ninyi, sisi tulikibana kwa koleo tukakitumia mpaka moto ulambe koleo. Springi ya lori iliyovunjika iligeuka panga. Bomba la maji liligeuka fremu ya baiskeli. Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, vipuri vilivyotumika vikaanza kushuka kutoka kwenye makontena, na rodi zikaja kavu ndani ya boksi zake. Wapo mafundi wanaosema uhaba ulikuwa mwalimu mzuri. Ni kweli ulikuwa mwalimu, lakini wa kiboko, na mimi sikulia alipohama.

Ni katika miaka hiyo ya vipuri kuanza kuonekana ndipo alipokuja Mzee Filbert wa Kirua, huko mlimani, dereva mstaafu wa malori ya kahawa. Alikuwa na gari chakavu la difu mbili, mbele na nyuma, alilolinunua kwenye mnada likiwa na injini nzima na bodi ya kusikitisha. Mkononi alishika fimbo ndefu. Akailaza juu ya meza yetu ya kazi.

"Fundi, nataka gari lenye upana huu," akasema. "Lisizidi hapa hata kwa unene wa ganda la ndizi."

Mzee Mrisho akaitazama ile fimbo. "Hilo si gari, kaka. Hilo ni benchi."

"Basi nitengenezeeni benchi lenye injini."

Tulimwuliza sababu, naye akatueleza kwa mkato, kama mtu anayemeza dawa. Mkewe, Mama Prisca, alianguka akikata majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Hospitali ilimtibu, ikamwambia ashuke kila wiki kufanyishwa mazoezi, la sivyo nyonga ingekaza na asingesimama tena. Lakini gari la kawaida liliishia barabara kubwa. Kutoka hapo hadi nyumbani kulikuwa na njia ya miguu, yenye mfongo upande mmoja, yaani ule mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, na mpaka wa jirani upande wa pili. Vijana wa jumuiya walimbeba kwa machela mara chache, kisha mama mwenyewe akakataa.

"Njia si ipanuliwe?" nikauliza.

"Mpaka ni wa isale," akajibu, na kwangu hilo likatosha.

Kwa wasio wa mlimani nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani, na haung'olewi bila ridhaa ya mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Tena una kazi nyingine: aliyekukosea akija kwako na jani la isale mkononi, ni mwiko kumnyima msamaha. Mwenye ule mpaka alikuwa Mzee Kristofa, aliyebatizwa siku moja pamoja na Filbert. Miaka mingi nyuma Filbert alimwita mwizi wa maji mbele ya kikao cha mfongo. Baadaye ikajulikana kwamba maji yalipotea kwa sababu ya mashimo ya fuko. Filbert hakurudi kusema neno, na Kristofa akaapa kwamba hataongea naye mpaka aletewe isale.

"Kwa hiyo ungepeleka jani moja, njia ingepanuliwa," akasema Mzee Mrisho.

"Nimekuja kuzungumza habari za ekseli," akasema Filbert.

Hivyo ndivyo tulivyopata kazi ya kukata chuma kwa sababu mtu hakutaka kukata jani.

Nilipanda Kirua kuiona njia kwa macho yangu. Filbert alitangulia ameishika fimbo yake kwa mlalo usawa wa kiuno, akatembea nayo kutoka barabarani hadi mlangoni, haikugusa isale wala haikuning'inia juu ya maji. Alifika akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Mama Prisca alikuwa ameketi kwenye benchi barazani, mguu ameulaza juu ya gunia, na kutoka pale aliiona njia yote.

"Karibu, fundi. Fimbo imepita?"

"Shikamoo, mama. Imepita bila kugusa kitu."

"Marahaba. Kabati langu la harusi nalo lilipita bila kugusa kitu." Akaelekeza kidevu chini, mahali njia ilipopinda kufuata mfongo. "Mpaka pale. Pale walilisimamisha wima ndipo likapita. Na gari mtalisimamisha wima?"

"Mama Prisca, gari lina usukani," akasema mumewe. "Kabati halina."

"Kabati lilibebwa na wanaume wazima, kila mmoja ana macho yake, na bado walinivunjia mguu wa nyuma."

Alikuwa amesema kitu ambacho mimi na dereva wa miaka mingi tulikipita kama tunavyokipita kila siku. Sisi wa mlimani tunaipima njia kwa kile mtu anachobeba: mkungu, gunia, mtungi. Mzigo hugeuka pamoja na mbebaji. Gari haligeuki hivyo. Kwenye kona magurudumu ya nyuma hukata ndani zaidi ya yale ya mbele, na fimbo haina magurudumu ya nyuma.

Tukakata fito, tukazifunga kwa kamba za migomba, tukapata fremu yenye urefu na upana wa gari tulilolitaka. Mimi nikashika mbele, Filbert nyuma, kila mmoja akawa ekseli. Tulishuka hadi kwenye kona tukakwama kama mama alivyotabiri, fito za ndani zikiwa zimeelekea moja kwa moja kwenye isale. Upande wa pili Mzee Kristofa alikuwa ameegemea jembe lake.

"Fundi," akaniita, "hicho ni kitanda au ni nini?"

"Shikamoo, mzee. Ni gari."

"Marahaba. Mwambie huyo aliye nyuma yako kwamba gari lake limeishiwa petroli."

"Fundi," akasema Filbert, "mwambie huyo aliye mbele yako alime shamba lake."

"Mwambie nalima. Na mwambie likigusa isale yangu, mimi na yeye tutafika mbali."

Wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Mimi nilikuwa simu yao, na sikupewa hata maji ya kunywa.

Tulifupisha fremu, tukajaribu tena, tukafupisha tena, hadi ikapita kona ikiwa imebakiza nafasi ya kiganja kila upande. Ile fremu ya fito niliishusha Kiboriloni kama ilivyo, ikawa ndiyo ramani yetu. Wateja waliuliza kama tumeanza kufuga kuku.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Kufupisha chesisi si kazi ya kutisha kama hutakata wima. Kata mshazari, weka bamba ndani, ili mzigo usiuelemee mshono mmoja. Ekseli ndiyo iliyonipa wasiwasi. Tulitoa kipande kila upande, na mashafti yake tukayapeleka mjini kwa mkerezaji akayafupisha na kuyachonga meno upya. Ganda la ekseli tulilipanga juu ya chuma cha pembe, tukapitisha ndani yake mhimili ulionyooka kabisa, unaozunguka kwenye beringi, ili ganda likijivuta tujue. Nilichomelea kidogo juu, kidogo chini, kidogo kulia, kidogo kushoto, nikiuzungusha mhimili kwa vidole kila mara. Ulipoanza kuwa mzito niliacha na kwenda kunywa chai. Mzee Mrisho alipita mara kadhaa akiangalia bila kusema, na kwake huo ulikuwa uungwana mkubwa.

Jambo pekee alilolikemea ni urefu wa bodi. "Gari jembamba lenye kimo ni jeneza," alisema. Tukaishusha injini, betri tukaiweka chini ya kiti, na paa tukalifanya la turubai.

Kiti kilikuwa kimoja, cha watu watatu wanaopendana. Mlango wa upande wa mama niliupanua ili atelezeshwe kutoka kwenye kiti cha nyumbani bila kuinuliwa mguu, na sakafuni nikachomelea kibao cha kuegemeza mguu, kwa kipimo nilichokichukua kwake. Alikuwa na agizo moja tu: "Kishikio kiwe kushoto. Mkono wa kulia nina kazi nao, nitakuwa nasali."

Bampa nililitengeneza kwa bomba la maji. Ukitaka bomba lipinde bila kubonyea, lijaze mchanga mkavu, ziba ncha zote, ndipo ulipashe moto. Ncha za lile bampa nilizikunja kwenda mbele na juu, kama pembe za ng'ombe, ili gari likikwama kwenye tope kamba ipate pa kushika. Zikumbukeni pembe hizo.

Gari lilipanda Kirua wakati wa ukame na kupita kwenye kona vizuri, Filbert akiwa kwenye usukani na mimi pembeni, kwa kanuni ya Mzee Mrisho. Kristofa alitoka kutazama, hakuona kilichoguswa, akarudi ndani. Nadhani alisikitika kidogo.

Lakini siku ya mama kushuka hospitali mvua za masika zilitangulia kufika. Nilikuta njia imegeuka sabuni. Nikamwambia Filbert tungoje. Mama Prisca, ambaye alikuwa amekwisha kuvaa gauni la kanisani, akasema mguu wake umekwisha kungoja vya kutosha. Asubuhi ile alijaribu kuukunja ukakataa mahali ulipokuwa ukikubali wiki iliyopita. Tukamtelezesha ndani, yeye akakaa katikati, mimi pembeni. Alikishika kishikio kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukaanza kazi yake.

Filbert alikuwa dereva kweli. Alishuka kwa gia nzito, bila breki, akiliacha gari litambae. Mimi sikuangalia njia. Nilikuwa nasikiliza. Chini yangu kulikuwa na ekseli niliyoikata kwa mkono wangu, na juu yake mwanamke ambaye hangeweza kuruka. Tulipoingia kwenye kona gurudumu la nyuma likateleza kuelekea mfongo. Nilisikia udongo wa ukingo ukidondoka majini. Filbert akazungusha usukani upande wa mlima, akakanyaga mafuta, pua ya gari ikarukia mpakani, na hapo nikasikia mlio.

Kwaa!

Nilijua ni ekseli. Gari likasimama, limeinama kidogo, injini bado inanguruma. Nikashuka kwenye tope, nikalala chini ya gari nikiwa na nyundo ndogo ninayotembea nayo, nikaugonga mshono wa kulia. Ukalia kama kengele. Nikagonga wa kushoto. Kengele. Nikagonga chesisi. Kengele. Nililala pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika, matone ya mvua yakinidondokea kutoka kwenye bodi, nikipumua.

Niliponyanyuka ndipo nikaona kilichovunjika. Pembe ya bampa langu ilikuwa imeingia kwenye isale ya Kristofa ikaing'oa shina zima, mizizi na yote, na ile isale ilikuwa imesimama mbele ya gari, majani juu, kama imepandwa pale.

Na Kristofa alikuwa anakuja, gunia kichwani kwa ajili ya mvua, panga la kukatia majani ya ng'ombe mkononi.

Filbert hakuzima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Mama Prisca akaacha kusali. Kristofa alifika akasimama mbele ya bampa, akaitazama ile isale kutoka juu hadi mizizini, kisha akamtazama mtu aliyekuwa nyuma ya kioo. Nilijiandaa kuwa simu yao tena. Haikuhitajika.

"Filbert," akasema. "Umeniletea isale."

Filbert akafungua mdomo, na namjua vya kutosha kujua kwamba alitaka kukana. Lakini kile kiti kilikuwa chembamba, na kiwiko cha mkewe hakikuwa na safari ndefu.

"Mjibu mwenzako," akasema Mama Prisca.

"Nimeleta, mbe," akasema Filbert, na nikashtuka kumsikia akimwita hivyo, kwa lile neno letu la heshima.

"Miaka yote hii nilidhani utakuja kwa miguu."

"Miguu ilikataa."

"Ukaona uunde gari kabisa."

"Kristofa. Kule kwenye kikao cha mfongo nilisema vibaya."

"Ulisema vibaya."

"Nilisema vibaya."

Mvua iliendelea kunyesha. Kristofa akachomeka panga lake ardhini, akaichomoa isale kutoka kwenye pembe ya bampa kwa mikono miwili, polepole, kama anayepokea mtoto wa ubatizo. "Iliyoletwa haikataliwi," akasema. Kisha sauti ikabadilika. "Sasa zima kelele hizo, unataka kumwua mama wa watu? Fundi, shika huku. Mimi nashika upande wa mfongo."

Tulilirudisha gari njiani kwa mabega. Mama Prisca alifika hospitali akiwa amechelewa na ana tope kwenye gauni, na walimpokea. Alishuka wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kufikia mavuno ya kahawa alikuwa anatembea uani kwa fimbo, ile ile ya kupimia njia, iliyokatwa ikatoshana naye.

Nilipanda Kirua baada ya masika kukagua mishono. Nilikuta isale imepandwa upya, mstari mzima, hatua nzuri ndani ya kihamba cha Kristofa. Wazee wawili walikuwa wameisogeza wenyewe. Njia ilikuwa pana kiasi kwamba lori dogo lingepita likipiga honi. Filbert alinisubiri karibu na gari, ameona haya kidogo.

"Fundi, ile ekseli," akasema. "Inaweza kurudi ilivyokuwa?"

Nilimweleza kwamba chuma kikishakatwa hakioti tena. Kristofa, aliyekuwa ameketi tayari ndani ya gari akisubiri lifti ya sokoni Kiboriloni, akalalamika kwamba goti la Filbert linamchoma kila wanapobadilisha gia.

Mama Prisca alikuwa amesimama barazani, ameegemea fimbo yake. Amesimama, naandika tena, ili msisome haraka.

"Liache hivyo hivyo, fundi," akasema. "Mle ndani hamna nafasi ya watu wawili kununiana."